Hulipi Kitu, Ni Kuandika Tu

4 Juni

Leo ni siku ya tisini na moja tangu niondoke kisiwani kwetu São Jorge. Mama alizikwa Januari, nami nikaondoka Machi, mizabibu ya huku haingoji matanga. Naandika kwenye daftari nililopewa na muuza mbolea. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo atakayesoma asitafute ufundi.

Jambo lenyewe ni hili. Mama ametuachia nyumba, mimi na mdogo wangu Gil, nusu kwa nusu. Gil anataka nusu yake kwa pesa. Malisho anayokodi kwa ng'ombe wake yanauzwa, na mwenye malisho hangoji zaidi ya mwisho wa Septemba. Mimi naitaka nyumba. Pesa ninazo. Nimefanya misimu kumi na tisa hapa Uswisi na kila senti iliyobaki nimeipeleka benki ya kule São Jorge, maana mtu huweka pesa zake pale anapotaka kuzikwa.

Wiki iliyopita benki ilizifunga pesa hizo. Pasipoti yangu ni ya Ureno, lakini palipoandikwa mahali pa kuzaliwa pameandikwa Fall River, Marekani. Baba na mama walikwenda kule kufanya kazi kiwanda cha nguo, nikazaliwa, nikarudishwa nyumbani nikiwa na miezi kumi na minne. Wanasema nililia njia nzima. Sijakanyaga tena. Kiingereza sijui hata cha kuombea maji. Ila kwa sheria yao aliyezaliwa kwao ni wao mpaka afe au aukane uraia, na aliye wao hupeleka taarifa ya kodi kila mwaka popote alipo, hata akiwa amepiga magoti chini ya mizabibu ya mzee Dorsaz, mwajiri wangu.

Benki inataka namba yangu ya kodi ya Marekani, ambayo sina, au cheti kwamba mimi si Mmarekani tena. Mwisho ni 30 Septemba. Baada ya hapo wataifunga akaunti kabisa na kunirudishia pesa kwa hundi, "kwa utaratibu wa kawaida." Huo utaratibu nimeuliza ni wa siku ngapi. Hawakujibu.

5 Juni

Kupunguza majani. Jua.

6 Juni

Kupunguza majani. Mgongo.

11 Juni

Jumapili. Nilifanya kosa la kumweleza Zulmira. Zulmira ni mama wa Kireno wa bara, anatupikia sisi kumi na mmoja na mchana anashika mkasi kama sisi. Siri kwake haikai hata kwa muda wa kuivisha viazi. Leo mezani kaniita Mheshimiwa Rais na kaniuliza kama nitatuma ndege kumchukua. Wenzangu wamecheka mpaka mmoja kapaliwa na mkate. Nami nilicheka. Nilipokwenda kunawa mikono ndipo nikaona imekunja ngumi.

17 Juni

Nimepanda treni kwenda mjini Sion kumwona Bi Zufferey. Ni mhasibu, mjane, umri wa mama yangu kasoro miaka kumi, na katika bonde hili ndiye pekee anayezijua karatasi hizi kwa bei ambayo mtu kama mimi anaweza kulipa. Ofisi yake iko juu ya duka la viatu. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akavua miwani.

"Bwana Amadeu," kasema, "hulipi kitu. Mshahara wako ni mdogo, kodi umeshalipa hapa. Wamarekani hawakudai hata senti moja. Ni kuandika tu."

Nikamwambia basi tuandike. Akanieleza taratibu, akichora kwenye karatasi kwa sababu aliona macho yangu yanapotea. Anayeukana uraia lazima apeleke taarifa za kodi za miaka mitano iliyopita, na mwaka huu ukiisha nyingine moja, pamoja na fomu ya kuagana. Kwenye ile fomu anaapa kwamba miaka mitano yote iko sawa. Asipoweza kuapa, hata kama mali yake ni jembe, anawekwa kundi moja na matajiri wanaokimbia kodi, na hesabu inapigwa kana kwamba aliuza kila alicho nacho siku moja kabla ya kuondoka. Nyumba ya mama ingeingia humo, nusu yangu, na kitanda ndani yake.

Kuna njia nyepesi kwa watu wa namna yangu wasiokuwa na namba wala mali nyingi: kukana kwanza, kupata cheti, kisha kupeleka karatasi zote kwa pamoja. Kwa hiyo kila kitu kinaanzia ubalozini. Kukana kwenyewe ni dola elfu mbili mia tatu na hamsini. Nilimuuliza mara mbili. Kumbe kutoka kwenye nyumba ambayo hukuingia kwa miguu yako nako kuna kiingilio.

Kisha akaniomba nitaje kila akaunti yenye jina langu, hata kama pesa si zangu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu anayefanya kazi ng'ambo huwekwa jina kwenye akaunti za watu, maana huaminika, na tena anayekaa mbali hawezi kuchota. Nikataja ya mama. Nikataja ya mjomba Laureano, ambaye haamini watoto wake. Nikataja ya chama cha Roho Mtakatifu cha parokia, chenye taji la fedha linalolala nyumba kwa nyumba kwa kura, na sikukuu, na ng'ombe wa supu ya watu wote. Mimi ni mweka hazina wake mwaka wa sita. Bi Zufferey aliacha kuandika.

"Hizo nazo benki imezifunga?"

Nikasema sijui.

19 Juni

Nimepiga simu. Zimefungwa zote.

21 Juni

Joto. Nimetuma ombi ubalozini. Bi Zufferey aliandika, mimi nikatia sahihi mahali alipoweka msalaba kwa penseli.

28 Juni

Amepiga Ilídio, mwenyekiti wa chama. Tulisoma dawati moja, tulibatizwa wiki moja. Mchinjaji hajalipwa ng'ombe watatu wa sikukuu na anasimama mbele ya kanisa akiwaambia watu. Nilijaribu kumweleza. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua, akingoja ipite. Kisha akasema wamekaa kikao na jina langu limeondolewa, na benki imekubali kuwafungulia.

"Huna lawama, Amadeu," kasema. "Ila watu wanasema hatukujua kwamba taji tumemkabidhi Mmarekani."

Taji hilo lililala kwenye chumba cha mbele cha mama mara nne katika maisha yangu, wakati kura ilipoangukia nyumba yetu. Wiki nzima mlango haufungwi, watu wanaingia, wanasali, wanakula. Mama hakulala wiki hizo, alikaa na taji kama mtu anayekaa na mtoto mwenye homa. Ni kwa ajili ya chumba hicho naitaka nyumba. Sikumwambia Ilídio. Nilimshukuru kwa kupiga.

3 Julai

Aprikoti zimeanza. Makreti mia mbili na kumi.

4 Julai

Makreti mia mbili na arobaini. Zulmira kaniwekea mshumaa kwenye kipande cha jibini, eti leo ni sikukuu ya taifa langu. Nikaupuliza, nikala jibini.

12 Julai

Mvua ya mawe saa kumi alasiri, dakika saba. Mzee Dorsaz alisimama mlangoni pa ghala mikono mfukoni mpaka ilipokwisha. Kisha akasema tuokote zilizoanguka, za kupikia pombe. Nilimwonea huruma, halafu nikamwonea wivu. Yeye aliona kinachomharibia.

25 Julai

Ubalozi umejibu. Nimepewa miadi 19 Septemba, saa tatu asubuhi. Siku kumi na moja kabla ya mwisho wa benki. Bi Zufferey anasema ni bahati, wengine hungoja mwaka. Cheti chenyewe huchukua miezi, lakini siku ile ile watanipa karatasi ya muhuri kwamba nimeapa, na amezungumza na meneja wa benki kwa simu, na meneja amesema kwa sasa hiyo itatosha.

Nimempigia Gil. Nikamwambia tarehe ishirini pesa zitafunguka, ishirini na tano zitakuwa kwako. Akasema sawa. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Gil ni mtu wa maziwa, husema kidogo ili asimtishe ng'ombe.

6 Agosti

Nimegombana na Gil.

Alipiga yeye, jambo asilolifanya. Kuna mume na mke kutoka Lyon, Ufaransa, wameiona nyumba ya mama kutoka barabarani, wakagonga, wakaingia. Wanaitaka. Wanatoa zaidi ya bei tuliyokubaliana sisi wawili. Wanaweza kulipa mwezi huu.

Nikamwambia nyumba ya mama haiuzwi kwa watu wa kuja kuota jua. Nikamwambia ana tamaa. Nikamwambia mimi ndiye niliyeezeka lile paa, mimi niliyetia bafu, mimi niliyekuwa nikituma kila mwezi.

Nikasikia mashine ya kukamulia nyuma yake.

"Ulituma, kaka," kasema. "Sijakataa. Wewe ulituma pesa, mimi nilimgeuza mama kitandani. Miaka mitatu. Asubuhi kabla ya ng'ombe na jioni baada ya ng'ombe. Sasa niambie, kazi ya nani imeingia ndani ya ile nyumba?"

Nilikata simu. Mimi ndiye niliyekata.

7 Agosti

Aprikoti za mwisho. Sina la kuandika.

13 Agosti

Jumapili. Nimekaa kando ya mfereji wa maji juu ya shamba, nikavua viatu.

Nilipofika Januari mama alikuwa bado ana uhai wa siku mbili. Nilimwinua kidogo ili anywe. Mgongo wake ulikuwa mzima, hauna kidonda hata kimoja. Miaka mitatu kitandani, mwanamke wa miaka themanini na sita. Nesi wa kijiji alinionyesha kama anayenionyesha kazi ya fundi. Mimi nikatazama bafu, nikasema kigae kimoja kimelegea.

Nimempigia Gil. Sikuweza kusema nililokusudia, nikamuuliza ng'ombe hali zao. Akasema wale wa Lyon amewaambia wangoje mpaka 20 Septemba. Mwenye malisho hatangoja zaidi, kasema, na bila malisho atauza ng'ombe wote ishirini na sita kabla ya baridi. "Si tamaa, kaka. Nina watoto watatu na vyumba viwili juu ya zizi." Nikasema najua. Sikuwa najua. Nilijua ana watoto watatu na nilijua vyumba ni viwili, lakini sikuwahi kuviweka pamoja.

22 Agosti

Tunafunga nyavu kuzuia ndege.

23 Agosti

Nyavu.

24 Agosti

Nyavu. Bi Zufferey ametuma fomu za miaka mitano nizitazame. Kurasa sabini na moja. Sifuri, sifuri, sifuri. Amesema tena kwenye simu kwamba silipi kitu, ni kuandika tu. Ni mara ya sita, nimeanza kuhesabu. Angeniambia nalipa elfu moja ningelala vizuri zaidi. Deni hulipwa, likaisha.

4 Septemba

Mavuno ya zabibu yameanza siku tano mapema kwa sababu ya joto. Nimebebeshwa kikapu cha mgongoni, kilo arobaini na tano, ngazi za mawe. Miaka iliyopita walinipa mkasi nusu siku. Mwaka huu vijana wawili hawakurudi kutoka Ureno.

9 Septemba

Nimemwomba mzee Dorsaz ruhusa ya tarehe kumi na tisa. Katikati ya mavuno hakuna mtu anayeomba ruhusa, nami sijawahi. Akasema baba yake aliruhusu mtu mara moja tu, na mtu huyo alikuwa amekufa. Kisha akasema nenda, na nikirudi nimletee habari njema, zile mbaya anazo za kutosha.

16 Septemba

Zulmira amenipigia pasi shati la kanisani. Hakunitania. Bi Zufferey kapiga kunikumbusha nichukue cheti cha kuzaliwa, pasipoti, risiti ya miadi. Mwishoni kasema, kama jambo dogo, kwamba wataniuliza kama kuna mtu amenilazimisha. Nijibu hapana, nafanya kwa hiari yangu. Nikasema sawa.

19 Septemba

Naandika kwenye treni, herufi zinaruka.

Nilifika saa moja, nikangoja nje mpaka saa tatu. Walichukua simu na mkanda. Chumba kina viti vya plastiki na bendera. Kijana aliyenipokea nyuma ya kioo alikuwa mpole. Naandika hili kwa sababu ni kweli, nilikwenda nikitaka kumchukia na sikuweza. Alipogundua sijui Kiingereza alipata aibu kidogo, kama aliyemkosea mgeni. Akamweka mkalimani kwenye simu, mwanamke mwenye Kireno cha Brazili.

Kijana alinisomea karatasi. Kwamba nikishakana siwezi kurudi nyuma. Kwamba kodi za nyuma hazifutiki kwa kukana. Kwamba nitahitaji visa kama mgeni yeyote. Kila mara nikasema naelewa. Kisha akasema tukimaliza maswali nitasimama, nitainua mkono wa kulia na kuapa kwamba yote niliyosema ni kweli. Kisha akauliza.

"Je, kuna mtu yeyote anayekulazimisha kufanya hivi?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni. Lakini kwetu mtu haapi kwa mkono juu ila mbele ya taji, na nimeona katika maisha yangu wanaume wazito wakiomba kesi iahirishwe ili tu wasiape lisilo kweli. Hilo ni moja. La pili ni upumbavu wangu mwenyewe. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusaidia. Nikadhani nikimweleza ninapoumia ataharakisha, kama daktari.

Nikasema, "Benki."

Akauliza benki imefanya nini. Nikamwambia yote. Akaunti, nyumba, Gil, malisho, tarehe thelathini. Nikamwambia kwamba mimi sina ugomvi na Marekani, siijui, ningeweza kuendelea kuwa Mmarekani mpaka kaburini bila kuwasumbua, isipokuwa nisipokana leo nyumba ya mama inakwenda. Mkalimani alikuwa akitafsiri polepole, na nikamwona kijana ameweka kalamu chini.

Alitoka. Alirudi na mwanamke, mkubwa wake wa kazi. Naye alikuwa mpole. Akasema sheria yao haimruhusu kupokea kiapo cha mtu aliyesema kwamba hafanyi kwa hiari yake. Uraia ni haki yangu, kasema, na kazi yao ni kuilinda. Nirudi nyumbani, nifikiri, nije tena siku ambayo uamuzi utakuwa wangu mwenyewe. Nikasema ni wangu. Nikasema sasa hivi ni wangu, niulize tena. Nilisimama na kuinua mkono bila kuombwa. Nilikaa hivyo, mkono juu, mbele ya kioo.

Mwanamke akasema, "Tafadhali keti, Bwana Brum."

Miadi mpya: 20 Februari, saa nne asubuhi. Ada hawajachukua. Kijana alinirudishia risiti ya miadi kwa mikono miwili.

20 Septemba

Zabibu. Nimebeba kikapu siku nzima, sikuomba mkasi. Saa sita nimempigia Gil.

Nilimweleza kwa maneno machache. Alisema, "Ungesema tu hapana, kaka." Nikasema ilikuwa kiapo. Nilitegemea anitukane, ningeshukuru. Akasema, "Ndiyo. Hata mimi nisingeweza."

Halafu akaniuliza, awaambie nini wale wa Lyon. Ndugu yangu aliniuliza. Angeweza kuwaambia tu, wakili ameshasema zamani nisipokuwa na pesa ana haki ya kuomba nyumba iuzwe.

Nikasema awaambie ndiyo.

21 Septemba

Zabibu.

22 Septemba

Zabibu. Mvua asubuhi.

24 Septemba

Zulmira aliniuliza wanawake wa Kimarekani wakoje, wenzangu wakangoja kucheka. Nikasema sijui, sijawahi kumwona hata mmoja isipokuwa yule wa nyuma ya kioo. Akaniongezea supu. Alikuwa ananitania tangu Juni ili nisikae peke yangu na jambo hili, na mimi nilimwona adui. Nimewasoma watu vibaya mwaka huu, karibu wote.

27 Septemba

Nimekwenda ubalozi mdogo wa Ureno, nimetia sahihi hati ya uwakili ili Gil auze kwa niaba yangu. Dakika kumi na mbili. Karani aliuliza kama natia sahihi kwa hiari yangu. Nikasema ndiyo. Akapiga muhuri.

30 Septemba

Gil ametuma ujumbe: malisho ni yake. Akatuma picha ya ng'ombe wamesimama kwenye majani, hakuandika chini yake neno lolote. Nimeitazama kwa muda. Ni malisho mazuri, yana ukuta wa mawe upande wa bahari.

Nyumba iliuzwa jana. Wale wa Lyon wanataka kuvunja ukuta kati ya chumba cha mbele na jiko, wapate nafasi.

7 Oktoba

Bi Zufferey anasema kwa kuwa bado mimi ni Mmarekani, mauzo ya nyumba lazima yaandikwe kwenye taarifa ya mwaka huu. Faida inahesabiwa kuanzia bei ya siku aliyofariki mama, kwa hiyo faida ni karibu na hakuna. Alianza kusema hulipi kitu, akasita. Akanimiminia kahawa badala yake, na hakunitoza kwa ziara.

14 Oktoba

Mavuno yameisha. Mzee Dorsaz alitoa nyama na divai mpya, akashika glasi, akasema mwaka mbaya lakini tumeumaliza. Kwenye chumba changu nilikuta bahasha kutoka benki ya kisiwani. Ndani mna hundi, pesa zangu zote, mpaka senti. Akaunti imefungwa, wananishukuru kwa kuwa mteja wao kwa miaka kumi na tisa.

15 Oktoba

Mzee Dorsaz ananibakiza kwa kazi ya kupogoa, kwa hiyo sirudi kisiwani Krismasi. Tarehe 20 Februari nitapanda treni tena, nitakaa mbele ya kioo, na wataniuliza kama kuna anayenilazimisha. Nimefikiri kama nilivyoambiwa. Benki haina changu tena. Gil hanidai. Nyumba haipo. Nitainua mkono na kusema hakuna, na itakuwa kweli tupu, sitaogopa taji lolote.

Baada ya hapo nitasafiri. Nategemea kufika São Jorge juma la kwanza la Machi, meli ya Alhamisi bahari ikiruhusu. Nimemwandikia Gil atandike godoro popote, hata kwa watoto.

Amadeu Brum